Uchafu wa Gauni la Kitani

Kila mtu katika ukoo wetu ana lake la kujisifia. Kaka yangu mkubwa alikaa wizarani miaka thelathini, na vyeti vyake vimejaa ukutani mpaka chumba cha wageni hakina pa kutundika saa. Shangazi anajisifia biriani lake. Mie najisifia uchafu. Ipo filamu moja ya Kizungu, ya mambo ya kale, iliyoonyeshwa kwao Ulaya kisha ikaonyeshwa hapa Maskati, na uchafu wote wa gauni la yule mwanamke, tangu kwenye kola mpaka kwenye upindo, ulitoka nyumbani kwetu. Mwenye kubisha na aje kwetu Hail aniulize.

Mie ni dobi. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu ndilo lililoleta ugomvi. Nilipostaafu kufundisha ushoni katika shule za wasichana, niligeuza banda la uani, nyumbani kwa mama, likawa chumba cha kufulia na kupiga pasi. Nikamwajiri mwanamke mmoja wa Kikenya, mtu wa Nakuru, mwenye mikono ya nguvu na ulimi wa kuchekesha. Hatukuchukua nguo za kila siku. Hizo zina mashine zao. Tulichukua nguo ambazo watu wanaogopa kuzigusa: za harusi, za hariri, majoho ya urithi, mashela yaliyolala sandukuni tangu watu wetu walipotoka Unguja.

Kaka anakaa Mabela. Aliposikia, alikuja siku ile ile, hata kahawa hakunywa. Akauliza watu watasema nini, mtoto wa mzee wetu anafua nguo za watu. Akasema sisi Unguja tulikuwa tukifuliwa, hatukuwa tukifua. Nikamjibu kwamba waliokuwa wakitufulia walikuwa na ufundi ambao sisi hatuna, na ahsante hatukuwapa. Basi hapo pakawaka moto. Ikabidi mama aamue, Ijumaa, mbele ya watu wote, tumeuzunguka wali. Akasema nifanye, lakini siku nitakayoharibu nguo ya mtu, hata moja, nifunge na lisisemwe tena. Mie na kiherehere changu nikakubali papo hapo, tonge mkononi. Kaka akatabasamu, akajiongezea mchuzi.

Miaka miwili sikuharibu hata leso. Kisha wakaja watu wa filamu. Walikodi jumba mitaa miwili kutoka kwetu, wakalijaza nguo. Hadithi yao ilikuwa ya mwanamke wa Ulaya, miaka mia mbili iliyopita, anayemfuata mumewe tabibu. Meli inavunjika kwenye pwani hii yetu, naye anatembea kwa miguu miezi mitatu, mabondeni na milimani, na gauni moja tu mwilini. Mambo ya majumba na karamu walikuwa wameshayapiga picha kwao. Huku walikuja kupiga ile safari.

Mkuu wa mavazi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani inaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye mkono wa blauzi. Mara ya kwanza alinijia na kola ya lasi iliyokuwa imegeuka manjano. Nikamrudishia nyeupe pe. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, na kesho yake gari likaleta mifuko sita. Tangu hapo tukawa tunawafulia kila siku: mashati, sketi za ndani, soksi za mabaharia. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kwao na changu cha shule, tukaelewana.

Nikipeleka nguo kwenye lile jumba nilikuwa nachelewa kurudi makusudi, nitazame. Wallahi watu wale wana subira. Gauni moja linapimwa mara saba. Vishono vyote vya mkono, kwa sababu enzi hizo hapakuwa na cherehani na kamera ikisogea inaona. Wanawake wanafungwa mkaja wao wa kamba na vyuma mpaka hawawezi kukaa, wananyweshwa chai kwa mrija wamesimama. Na hadithi yenyewe hawaipigi kwa mpango wake: mwisho unapigwa Jumatatu, mwanzo Alhamisi. Kwa hiyo kila kitu kinawekewa picha, kifungo gani kilikuwa wazi, ukosi umekunjikaje, ili cha leo kifanane na cha juzi. Hayo niliyaona kwa macho yangu mawili, na bado hayakunizindua.

Jumanne moja gari likaleta mfuko wa peke yake. Mkuu wa mavazi akapiga simu, akasema lile gauni niliondoe harufu tu, wanalihitaji Jumamosi. Mkenya wangu akafungua mfuko, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, huyu alikuwa amevaa akilima shamba ama?"

Lilikuwa gauni la kitani, asili yake jeupe na vijiua vya buluu. Vijiua hukuviona. Matope mpaka magotini, kwapa zimeota chumvi, damu mkononi, kutu kiunoni, masizi, mafuta, na upindo umeliwa kama umepita mdomoni mwa mbuzi. Harufu yake ilikuwa ya jasho la siku kumi.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana hapa ndipo nilipopotea. Kwetu mtu mwenye adabu hakuletei nguo akasema ni chafu. Akisema hivyo amejitukana mwenyewe. Atasema ina vumbi kidogo, au imekaa sana, au imeingia harufu. Wewe dobi unaelewa, unafua, hakuna aliyeaibika. Nikasema masikini, huyu mama kumbe ana haya zetu. Anaona aibu gauni lake lilivyo, ndiyo maana anataja harufu. Nikamhurumia hasa. Tena kwetu nguo haifukizwi udi kabla haijafuliwa. Huko ni kuficha aibu, na majini wenyewe watakucheka.

Tukaanza. Nina desturi niliyowafundisha wasichana miaka yote ile: kabla nguo haijaloa, unalizungushia kila doa uzi mweupe, mshono mmoja mmoja, kwa sababu doa likiloa hujificha na likikauka hurudi. Nikazungushia nyuzi thelathini na moja. Kisha kila doa na dawa yake, limau na chumvi, maji baridi, magadi, unga wa dengu. Ajabu ni kwamba yale matope hayakuwa yakitoka kwa maji. Yalikuwa na rangi ndani yake, na nta. Hapo ndipo mwenye akili angesimama ajiulize ni tope gani hili lenye nta. Mie nikaona nimechokozwa. Nikapandisha mikono ya gauni langu, nikamwambia Mkenya alete maji ya moto, leo ama zangu ama zake.

Zikawa zangu. Jumatano adhuhuri gauni lilikuwa jeupe, vijiua vya buluu vimechanua, nimeutengeneza upindo, nimelitia wanga, nimelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Nyuzi zote tukazifumua. Tukalitandaza juu ya kitenga cha kufukizia, chetezo chini, udi ule mzuri ninaouweka kwa ajili ya sikukuu. Nikampigia simu mkuu wa mavazi, nikamwambia kazi tayari. Nilijisikia kama nimemwozesha binti.

Alhamisi asubuhi akaja mwenyewe. Alipoliona hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige kelele. Aligusa upindo kwa kidole kimoja, akalifungua kwapa akatazama, kisha akakaa juu ya kapu la nguo zilizoloa bila kujua kwamba zimeloa.

"Wiki sita," akasema. "Nililichafua kwa wiki sita."

Ndipo akanieleza. Kila doa lile lilikuwa hadithi: lile la damu yule mwanamke alipomfunga mumewe kidonda, lile la kutu alipolala juu ya minyororo melini. Nusu ya safari ilikuwa imeshapigwa na madoa yale. Gauni la pili lililofanana nalo lilichanika kwenye miamba siku ya tatu. Jumamosi asubuhi mwigizaji alitakiwa alivae afike mwisho wa safari, na watu mia moja wanamngoja milimani. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, wao huondoaje harufu bila kufua. Akasema hupulizia pombe kali, ile isiyo na rangi. Nikasema astaghfirullah, nikajua hata angenieleza mapema nisingefanya.

Maskati habari haikawii. Kabla ya alasiri kaka alikuwa kwenye simu. Hakufurahi, nimpe haki yake. Alisema polepole kwamba hanitakii ubaya, lakini ahadi ni deni. Nikatazama banda langu, pasi tatu, kamba, ubao niliouchonga mwenyewe. Mkenya wangu alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi. Tukifunga, naye kibali chake kimekwisha, anarudi kwao. Akaniuliza kama ndiyo tumefunga. Nikamwambia asinisemeshe. Nilikuwa nalia, na mie nikilia huwa mkali.

Nililitoa gauni mezani nilikunje, angalau nimrudishie kwa heshima. Nikalinyanyua mbele ya dirisha, jua likapita ndani yake. Nikaona matundu. Matundu ya sindano, madogo madogo, safu safu, yamefanya maduara kama vijidimbwi: moja kwenye kwapa, mawili kifuani, kiunoni, mapajani. Wanga wangu mwenyewe uliyashika yasizibe. Nikayahesabu yale maduara. Thelathini na moja.

Wallahi nilicheka peke yangu. Mie nilikuwa nimepigana na kila doa lile, moja moja. Nilijua lipi lilikuwa na nta, lipi limepakwa juu na lipi limezama, lipi lilikufa kwa limau na lipi lilitaka magadi. Aliyelitia doa anaweza kulisahau, lakini aliyelitoa halisahau. Nikampigia mkuu wa mavazi, nikamwambia alete picha zake zote na aniachie gauni mpaka kesho alasiri. Akauliza na nikishindwa je. Nikamwambia limeshaharibika, hakuna la kuogopa tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mie nilikuwa nimeshavua.

Mkenya alikwenda madukani Ruwi akarudi na nta, rangi za unga na misumari ya chuma. Kesho yake Ijumaa ilikuwa siku yake ya kanisa, maana huku hata Wakristo husali siku ya mapumziko. Akasema Mungu atamwona hata akiwa uani. Tukachemsha chai mpaka ikawa nyeusi nzito. Tukachemsha maganda ya komamanga. Misumari tuliilaza ndani ya siki, kutu ikatoka nyekundu ya kupendeza. Masizi tulikwangua kwenye sufuria ya pilau. Jasho tukalifanya kwa maji ya chumvi, tunaloweka, tunakausha kwa feni, tunaloweka tena, mpaka mduara ukaota ule ule. Kabla ya hayo yote tulitoa wanga kila mahali ila kwenye duara zenyewe, na Mkenya akazungushia nyuzi upya nisije nikapoteza njia. Kisha nikawa nalijaza doa moja moja, picha mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia.

Upindo ndio ulionishinda. Nilikuwa naukata kwa kisu, unatoka kama nguo iliyokatwa kwa kisu. Mama alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake tangu asubuhi. Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyokuja nayo kutoka Unguja, ambayo hata mie sikuruhusiwa kuigusa.

"Chukua hii. Nnaona kisu chako kinakata, hakichakazi."

Nikaukuna upindo kama ninavyokuna nazi. Ukalika vile vile. Mama akasogeza kiti karibu, akalitazama gauni mbele na nyuma. Akaniambia upindo usilike mbele, ulike nyuma, kwenye kisigino, maana mtu mchovu hainui mguu. Nikauliza kajuaje. Akasema mwaka ule walipotoka Unguja alivaa nguo moja siku ishirini, na mie tumboni mwake. Kwetu jambo hilo halikuwahi kusemwa namna ile, hivi hivi, mchana, mbele ya mtu baki. Mkenya akaacha kukoroga. Mama akaendelea kutazama gauni, kisha akauliza huyu mwanamke anafutia wapi mikono.

Tukatazama picha zote. Hapakuwa na mahali.

"Basi aliyelichafua hajapata kuwa na nguo moja tu," akasema. Akachovya kiganja chake katika ile chai nzito na masizi, akajifuta kwenye paja la gauni, upande wa kulia, mara tatu, nne, kama mtu aliyekwisha kula na hana maji. Doa la thelathini na mbili. Nikataka kupiga yowe, kwa sababu halikuwemo kwenye picha na gauni lilitakiwa kufanana. Lakini utamwambia nini mama yako?

Mkuu wa mavazi alikuja alasiri. Alilitundika dirishani, akavaa miwani, akaanza picha moja moja, doa moja moja. Nilisimama na mikono nyuma kama msichana wa shule. Alipofika pajani akasimama.

"Hili halimo," akasema.

Nikamwambia ni la mama yangu, na nikamweleza kwa nini. Akatazama lile doa, kisha akajitazama mwenyewe. Mkono wake wa kulia, bila yeye kujua, ulikuwa umeshuka unajifuta kwenye suruali. Akasema gauni hili kesho linafika mwisho wa safari. Mwanamke amekuwa na siku nyingi za kujifuta. Liachwe. Kisha akamwendea mama pale kwenye kiti, akainama akambusu mkono, na mama akampa, kama kawaida yake anavyowapa wajukuu. Nilimkumbusha kwamba aliagiza harufu iondolewe, na sasa lilinuka siki. Nikalifukiza udi tena, uchafu wake juu yake, na majini na wacheke wanavyotaka. Baadaye nikaambiwa kwamba mwigizaji aligoma kuvaa nguo yoyote ambayo haikupita kwangu.

Lakini kaka hakuridhika. Ijumaa iliyofuata, kwenye wali, akasema kuharibu ni kuharibu, hata ukitengeneza. Mama akamaliza kula, akanawa, akasema hukumu itangoja filamu. Zaidi ya mwaka nilifua kwa dhamana.

Filamu ilipofika tulikwenda sote, mama kwenye kiti cha magurudumu, Mkenya na shoga zake wa kanisani, na kaka, amevaa kanzu iliyonyooka, mithili ya kadhi. Nusu ya kwanza ilikuwa karamu na mishumaa. Sikutazama kitu. Kisha meli ikavunjika. Kisha akaanza kutembea. Na siku ya mwisho ya safari yake akatokea juu ya kilima, jua nyuma yake, gauni limejaa ukuta mzima, kila doa kubwa kuliko kichwa cha mtu. Nililijua kila moja. Lile la chai, lile la komamanga, kwapa zangu za chumvi. Mwanamke akafika kisimani, akanywa, akashusha mkono wa kulia, akajifuta pajani, pale pale, kama aliyefundishwa na mama.

"Lile langu," mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Bwana mmoja nyuma yetu akamwambia mkewe maskini, tazama nguo ilivyochakaa. Kaka yangu akageuka na kiti chake chote.

"Uchafu ule," akamwambia, "umefanywa na mama yangu na ndugu yangu huyu hapa."

Watu wakamnyamazisha. Akarudia. Mie nilijifunika buibui usoni, nikalia hadi taa zilipowashwa, na safari ile sikuwa mkali hata kidogo.

Tangu gauni lile nina sheria moja tu kazini kwangu. Sipokei nguo mpaka mwenyewe aseme kwa kinywa chake anataka nini. Jumamosi asubuhi, baada ya filamu, gari la kaka likasimama mlangoni. Akateremka na joho lake la sherehe, lile jeusi lenye uzi wa dhahabu, amelibeba kwa mikono miwili, mbele ya majirani. Akasema lina vumbi kidogo.

Nikamwambia hapa hatufui vumbi kidogo. Mkenya akainamia pasi asionekane anacheka. Mama alikuwa mlangoni, ameacha kuhesabu tasbihi. Kaka akatazama huku na huku, akakohoa.

"Chafu," akasema. "Nifulie, dada."

Nikalipokea, nikatia uzi kwenye sindano.